Risasi za kujaza nyumbani Marekani: Pengo la unene wa karatasi linaloweza kupasua ganda

Uhaba wa risasi ulioikumba Marekani mwaka 2020 na 2021 uliwasukuma wawindaji na walenga shabaha wengi kwenye jambo la siku nyingi: kujaza risasi wenyewe. Unachukua ganda lililotumika, unaweka kiwashio kipya, baruti na kichwa cha risasi. Basi, unarudi kulenga.

Kisheria hakuna ishu. Sheria ya shirikisho haidai leseni kwa anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Ishu iko kwenye vipimo, hasa kwa wanaotumia risasi ziitwazo waildikati.

Waildikati ni nini?

Ni risasi isiyo rasmi. Fundi anachukua ganda linalojulikana, analibana shingo au analisogeza bega, kisha anachonga chemba ya bunduki ilingane nalo. Zingine huja kurasimishwa. Risasi ya .22-250 ilikuwa ya mafundi kwa miaka mingi kabla ya Remington kuichukua mwaka 1965. Ya .25-06 ikafuata mwaka 1969.

Hatari inatoka wapi?

Ganda likiwa ndani ya chemba, nafasi kati ya bolti na bega la chemba lazima iwe sahihi. Kwa .308 Winchester, bolti inatakiwa ifunge kwenye kipimo cha milimita 41.40, na isifunge kwenye 41.50. Tofauti ni milimita 0.1, yaani kama unene wa karatasi moja ya ofisini.

Risasi ikifyatuka, presha inaweza kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama 32 tu. Kuta za mbele za ganda zinang'ang'ania chemba huku kitako kikisukumwa nyuma hadi kigonge bolti. Kama kuna pengo, ganda linavutika na kuwa jembamba juu kidogo ya kitako. Likijazwa na kupigwa tena na tena, linakatika hapo. Gesi ya moto inaweza kurudi nyuma, kuelekea uso wa mpigaji.

Kwa nini waildikati zaidi?

Kwanza, hazina kiwango cha pamoja. Taasisi ya SAAMI, iliyoanzishwa mwaka 1926, hutoa vipimo vya risasi rasmi. Kwa waildikati, kipimo ni kile alichochonga fundi wako. Bunduki mbili zenye jina moja la risasi zinaweza kutofautiana.

Pili, shaba huchoka. Kila inapobanwa na kupanuliwa inakuwa ngumu, na shingo inapasuka. Dawa yake ni kuipasha moto shingo na bega, lakini kamwe siyo kitako. Kitako kikilainika, hakiwezi tena kuhimili presha.

Tatu, mara nyingine bunduki haina kosa lolote. Mjazaji akikaza vibaya mashine yake, inalirudisha bega nyuma kupita kiasi. Pengo amelitengeneza mwenyewe mezani.

Bei inaongeza presha

Vita vya Ukraine vimepandisha mahitaji ya baruti duniani. Mwishoni mwa 2023, kampuni ya Vista Outdoor ilitangaza kupandisha bei ikitaja uhaba wa baruti. Mwaka uliofuata, biashara yake ya risasi ilinunuliwa na kundi la CSG la Jamhuri ya Czech kwa zaidi ya dola bilioni 2.

Hesabu ya mjazaji ni rahisi: kila kitu kikipanda, ganda la zamani linaonekana bado lina raundi moja zaidi. Na kwa waildikati, ambayo ganda lake limechukua saa nyingi kuliunda, kulitupa kunauma mara mbili.

Lakini ganda hutoa onyo. Mstari unaong'aa kuzunguka sehemu ya juu ya kitako ni dalili. Waya mwembamba uliokunjwa ncha, ukipitishwa ndani na kunasa kwenye mfereji, ni jibu: ganda hilo limekwisha.

Hakuna mkaguzi anayefika kwenye gereji ya mtu. Kwenye risasi za dukani kiwanda ndicho kinachobeba jukumu la ubora. Kwenye waildikati, mkaguzi ni yule yule anayeokoa pesa kwa kutolitupa ganda. Hapo ndipo hatari ilipo.