Utabiri Ufike Hadi Dikoni

Kila mwaka masika yanapokwisha na kusi kushika hatamu, Unguja na Pemba huingia katika kipupwe. Kwa mkulima, huu ni wakati wa baridi ya alfajiri na manyunyu ya mchoo. Kwa baharia na mvuvi, ni miezi ya kuipima kila safari kabla ya kung'oa nanga. Haifai tusahau kwamba ilikuwa katika kipindi hiki, tarehe 18 Julai, 2012, ambapo MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, ilizama karibu na Chumbe kukiwa na upepo mkali, na nyumba nyingi zikaingia msibani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa miezi ya Juni hadi Agosti. Hutoa pia tahadhari pale upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi kufikia mita 2. Kazi hiyo yastahili pongezi, kwani wataalamu huona yale ambayo jicho haliyaoni kutoka ufukweni. Nguvu ya kusi hutoka mbali, katika mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi. Mgandamizo huo unapoongezeka, upepo huchacha huku kwetu hata siku ambayo mbingu zi wazi na jua linawaka. Nahodha anayetweka tanga kwa kutazama mawingu peke yake anajidanganya.

Hata hivyo, jambo hili lina upande wa pili. Mara nyingi tahadhari moja hutolewa kwa ukanda mzima wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na visiwa. Bahari yetu si moja. Siku ambayo bahari imechafuka nje ya mwamba wa Makunduchi, ghuba zilizokingwa za magharibi ya Pemba zaweza kuwa shwari. Na wakati huo huo mkondo uendao kaskazini ukawa umekaza huko rasi ya Nungwi. Mvuvi aliyeegesha ngarawa yake siku tatu, jikoni hamna kitu, kisha akaona maji yametulia mbele ya diko lake, tahadhari ya nne ataipuuza. Na huenda hiyo ya nne ndiyo itakayomkuta baharini.

Dawa yake ni kuufikisha utabiri hadi dikoni. Wazee wetu waliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakaijua tabia ya kusi, ya matlai na ya umande, kila mtu katika maji yake. Elimu hiyo haipingani na vyombo vya kisasa, vyombo vinaihitaji. Tunashauri kila diko kubwa liwe na mtu aliyefunzwa na kulipwa posho, aandike asubuhi na jioni upepo unavuma kutoka wapi, kwa nguvu gani, na mawimbi yana kimo gani. Habari hizo zipitie kwa sheha ziwafikie watabiri siku hiyo hiyo. Nao watabiri wailinganishe tahadhari yao na yaliyotokea, kisha waseme kwa majina: Mkondo wa Pemba, Nungwi, Chumbe, Mkoani. Palipo na hatari, bendera nyekundu ipandishwe dikoni ili hata asiye na redio aione.

Viongozi wa bandari nao wana wajibu wao. Tahadhari ambayo haizuii chombo kibovu au kilichojaza kupita kiasi ni karatasi tu. Anayepewa mamlaka ya kukizuia chombo asiogope hasira ya mwenye mali wala manung'uniko ya abiria. Na sisi wananchi tuache kumshurutisha nahodha aondoke kwa sababu tuna harusi au biashara ng'ambo.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji wafiwa, lakini usiwe kisingizio cha wenye dhamana. Kusi huja kila mwaka, na miezi yake inajulikana. Kinachotakiwa ni kujiandaa kabla ya Juni, badala ya kuunda tume baada ya mazishi.