Vyuo viwabane wasimamizi wa tasnifu



Kuna kero ambayo wanafunzi wa uzamili na uzamivu tunaimeza kimya kimya, kwa kuwa anayetukwaza ndiye mwenye kalamu ya kutupitisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Natta, wilayani Serengeti. Nilimaliza masomo ya darasani, nikarudi huku kukusanya data na kuandika tasnifu. Sura ya tatu ilikaa kwa msimamizi wangu tangu mahindi yanapandwa hadi yakavunwa. Iliporudi ilikuwa na neno moja kwa wino mwekundu: "Rekebisha." Nirekebishe nini, sikuambiwa. Simu haipokewi, ujumbe unasomwa, haujibiwi. Nikifunga safari hadi chuoni, naambiwa yuko kwenye semina.

Huku mwajiri anauliza nitamaliza lini, na chuo kinadai ada ya kuongeza muda. Usingizi ukapotea, chakula kikawa hakipiti, nikaanza kuamini kwamba sina akili ya kusoma. Wapo wenzangu walioacha kabisa, na majirani wanawaita wavivu.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanafunzi 3,659 wa uzamivu, ulionyesha kuwa karibu theluthi moja walikuwa katika hatari ya kupata maradhi ya akili. Namna msimamizi anavyomwongoza mwanafunzi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusiana na hali hiyo.

Najua wasimamizi nao wamelemewa. Wana madarasa makubwa ya shahada ya kwanza, mitihani ya kusahihisha na tafiti zao wenyewe. Ndiyo maana ombi langu nalielekeza kwa vyuo na kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Kwanza, kila chuo kiweke kikomo cha siku za kurudisha sura, na maoni yaandikwe bayana. Pili, mwanafunzi aweze kuomba kubadilishiwa msimamizi kupitia ofisi iliyo nje ya idara yake, bila kuogopa kulipiziwa kisasi. Tatu, muda uliocheleweshwa na msimamizi usihesabiwe kwa mwanafunzi, wala asitozwe ada kwa ajili yake. TCU iyakague haya kama inavyokagua mitaala.

Tulipoomba kusoma tulikubali kukosolewa. Tunachodai ni kukosolewa kwa wakati, na kwa maneno yanayoeleweka.

Mwalimu na mwanafunzi wa uzamili,
Natta, Serengeti, Mara