JIRANI KWANZA, KISHA NYUMBA

Balaa liangukapo juu ya mji mkubwa, wakubwa huulizwa suala moja: watu hawa walale wapi? Aghlabu hujibu kwa kutafuta uwanja mtupu mbali na mji, wakapanga mahema, wakahesabu kuwa kazi imekwisha. Sisi twaona ndiyo kwanza imeanza.

Natuutazame mji wa Kobe, nchini Japani. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 6,000. Serikali ikajenga nyumba za muda zipatazo 48,000, na hiyo si kazi ya kubezwa. Lakini nyingi zilikuwa pembezoni, na wazee walizipata kwa kura, kila mmoja akatengwa na jirani zake wa miaka mingi. Katika nyumba hizo zenye paa na kuta, watu zaidi ya 200 walikufa peke yao.

Katika mji huo huo, mtaa wa Nagata, wakimbizi wa Vietnam hawakutaka kuondoka katika bustani waliyokimbilia, kwani viwanda vya viatu vilivyowapa riziki vilikuwa karibu. Msanifu majengo Shigeru Ban aliwajengea pale pale, akisaidiwa na vijana wa kujitolea. Msingi ulikuwa makasha ya chupa za bia yaliyotiwa mifuko ya mchanga, kuta zilikuwa mabomba ya karatasi ngumu, na paa lilikuwa turubai. Anayetaka kucheka na acheke; wenyewe walisitirika, na kazi zao hazikuwapotea.

Nasi tunao mfano wa karibu. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, watu wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, nje ya mji. Kumtoa mtu hatarini ni wajibu, na viwanja walipewa. Lakini soko, kibarua na skuli za watoto vilibaki mjini. Wako waliorudi bondeni, wakaitwa wakaidi, hali ya kuwa walifuata riziki.

Kwa hivyo twawataka wenye mamlaka, huku visiwani na kule bara, watenge ardhi salama ndani ya miji kabla ya balaa. Wahamishe mtaa mzima pamoja, wasiwatawanye watu kwa kura. Na wawaulize wenyewe kabla ya kuwajengea. Waarabu husema: jirani kabla ya nyumba. Masika hayangoji baraza likutane.