Udhamini TFF: mlango unaofungwa kabla ya kura

Mwaka 2021, na tena mwaka 2025, wajumbe wa mkutano mkuu wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) walikutana Tanga kumchagua rais. Mara zote mbili mgombea alikuwa mmoja tu, Wallace Karia. Si kwamba wapinzani hawakuwepo: walichukua fomu, na baadhi yao wakakwama kwenye udhamini. Kanuni inamtaka mgombea urais adhaminiwe na wanachama wasiopungua watano, na wanachama wa TFF si mashabiki bali ni vyama vya soka vya mikoa, klabu za Ligi Kuu na vyama shirikishi kama vya waamuzi na makocha. Kundi ni dogo, kwa hiyo aliye madarakani akizoa barua nyingi, wenzake hawapati hata hizo tano. Kura inayofuata huwa ya kuthibitisha, kwa sababu uamuzi ulishapita.

Kwa mpenzi wa soka wa Kamachumu au Nyanga, mkoani Kagera, umbali kati yake na uamuzi huo ni mrefu. Klabu yake iko chini ya chama cha wilaya, chama cha wilaya kiko chini ya Chama cha Soka Mkoa wa Kagera (KRFA), na KRFA ndiyo mwanachama wa TFF. Ngazi hizo si kosa. Hakuna shirikisho linaloweza kuita kila shabiki ukumbini. Kosa ni kwamba barua ya udhamini inaweza kutoka Bukoba bila klabu hata moja ya wilaya ya Muleba kuulizwa. Kagera ina ushahidi kwamba mlango ukiwa wazi mambo hubadilika. Jamal Malinzi, aliyewahi kuiongoza KRFA, alienguliwa kwenye mbio za urais wa TFF mapema mwaka 2013. FIFA ikaingilia, mchakato ukaanza upya, na Oktoba mwaka huo akamshinda Athumani Nyamlani. Uongozi wake uliishia vipi ni hoja nyingine. La msingi ni kwamba wajumbe walipewa majina mawili, wakachagua.

Watetezi wa udhamini wana hoja mbili za maana. Ya kwanza ni kwamba bila kichujio, fomu zingejaa wasaka umaarufu. Ni kweli, lakini kichujio kinahitaji kiwango cha chini tu. Tatizo ni kukosekana kwa ukomo wa juu: mgombea akizuiwa kukusanya barua zaidi ya kumi, wasio na uzito bado watachujwa na wenye hoja watapita. Hoja ya pili ni kwamba FIFA haitaki serikali iguse uchaguzi wa mashirikisho. Hiyo pia ni kweli, na ndiyo sababu marekebisho yaanzie kwa wanachama wenyewe. Yapo ya kuigwa. Machi 2021 wanachama wa klabu ya Barcelona walimchagua Joan Laporta kuwa rais huku vituo vya kura vikiwa pia Girona, Tarragona na Andorra, na kura zikiruhusiwa kwa posta. Pale mwanachama ni mtu, hapa ni chama, lakini funzo ni lilelile: uamuzi usogezwe kwa mwenye haki nao.

Mkulima wa kahawa wa Kagera anaujua utaratibu wa kuwakilishwa kupitia chama kikuu cha ushirika, KCU: wakulima hukutana kwenye chama chao cha msingi, na wajumbe ndio huenda kwenye mkutano wa chama kikuu. Anajua pia kwamba mjumbe asiyeulizwa maswali hujizoesha kuamua peke yake. KRFA haihitaji ruhusa ya Dar es Salaam kujiwekea utaratibu kama huo: kabla ya barua ya udhamini kutiwa saini, wilaya zote ziitwe na zipige kura, na mjumbe akirudi kutoka mkutano mkuu aeleze alimchagua nani na kwa nini. Mkoa mmoja hauwezi kubadili katiba ya TFF, lakini unaweza kuacha kugawa sauti ya klabu zake bila kuzishirikisha.