Takwimu za afya Haut-Lomami: nani anaruhusiwa kuona nini?

Kila mwisho wa mwezi, muganga titulere wa kituo cha afya anapitia rejista zake: wagonjwa wangapi wa malaria, mama wangapi wamezaa, watoto wangapi wamechanjwa. Karatasi ya ripoti inakwenda kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, na pale hesabu zinaingizwa katika DHIS2. Ni programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na Wizara ya Afya ya Kongo ndiyo inayoitumia kukusanya takwimu. Haut-Lomami tuna zoni 16.

Hesabu zikishaingia, haziko tena Kamina peke yake. Mtu wa Kinshasa anaweza kuzifungua siku ileile. Sasa nani anaruhusiwa?

DHIS2 haina mlango mmoja wenye ufunguo mmoja. Kila jedwali linabeba maelezo yake: ni la ugonjwa gani, la programu gani, la eneo gani, kikundi gani kinaweza kulisoma, kipi kinaweza kuandika ndani. Mtu akiingia, mashine inalinganisha maelezo hayo na akaunti yake. Aliyepewa zoni ya Songa tu hawezi kuandika ripoti ya Kabongo. Na ndani ya Songa yenyewe, jedwali la sida linaweza kubaki kwa kikundi cha programu hiyo, lakini lile la chanjo likaonwa na wengi.

Wengine watasema: juu ya nini kuficha? Hizo ni hesabu tu, hazina majina. Ni kweli, lakini angalia kijiji kidogo. Jedwali likisema mwezi huu kuna mama mmoja mwenye mimba aliyekutwa na virusi vya sida, na waliokwenda kupimwa mimba walikuwa watatu, nani atahitaji jina? Majirani watajijazia wenyewe. Hesabu hiyo ikijumlishwa kwa zoni nzima, haimwaibishi mtu.

Kwa hiyo siri ya mgonjwa inategemea watu wanaoandika maelezo hayo. Jedwali jipya likiachwa wazi kwa wote, mashine itatii na kuwaonyesha wote. Muganga akihamishwa na akaunti yake isifungwe, mashine haijui kama ameondoka. Na watu watano wakitumia neno la siri moja, yenyewe inaona mtu mmoja tu. Kesho siri ikitoka, hakuna wa kuulizwa.

Sheria tunayo: Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini sheria haifungi akaunti. Kamati za afya za mitaa zina haki ya kuuliza zoni yao maswali mawili mepesi: akaunti ngapi ziko wazi leo, na wenye nazo wangali kazini hapa?