Afya na Michezo: Atakaye Kukimbia na Atembee Kwanza

Mtu mzima aonekanapo akikimbia barabarani alfajiri, wako bado watu wa Meru wanaosimama na kujiuliza ameiba nini, au amepokea habari gani ya msiba. Kijana wa shule akikimbia hakuna ashangaaye. Lakini baba wa watoto wanne, mwenye kitambi na fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, akipita mbio mbele ya kibanda cha chai, maneno hayakosi. Ndiyo sababu wengi watakao kuanza hungoja giza, na wengine hawaanzi kabisa.

Na achukuliwe kwa mfano karani mmoja wa mji wa Meru, mwenye umri wa miaka 43. Amekwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi, akapimwa presha ya damu, akaambiwa ya kuwa imepanda, na ya kuwa pamoja na kumeza dawa imempasa kuupa mwili wake kazi. Jumamosi anakwenda soko la Gakoromone, anachagua viatu vya raba katika mitumba. Jumatatu, kabla ya jua kutoka, anashika mbio kuteremka kuelekea mto Kathita. Kuteremka ni kutamu: upepo wa baridi usoni, miguu inajipeleka yenyewe, na karani anajiona kijana tena. Kisha anageuka. Kilima alichokishuka kwa dakika 5 kinamngoja, na kabla hajafika nusu yake ameshika nguzo ya ua wa watu, kifua kinawaka kama tanuri, na mbwa wa mwenye ua anambwekea. Jumatano anarudia, maana aliwaahidi watoto. Ijumaa mifupa ya miundi inamwuma hata kupanda ngazi za ofisi ni taabu. Juma la pili viatu viko chini ya kitanda.

Watu humwita mtu wa namna hii mvivu, nao wanamwonea. Mvivu hangeondoka kitandani saa 11 alfajiri katika baridi ya Julai. Kosa la karani ni kwamba alifanya katika siku ya kwanza kazi iliyompasa kuifanya mwezi wa tatu.

Naye hujitetea, akisema ya kuwa alipokuwa mtoto alikwenda shule mbio asubuhi na kurudi mbio jioni, bila viatu, akivuka mabonde mawili. Hilo huenda ni kweli kabisa. Lakini tangu apate kazi amechukuliwa na matatu, na siku hizi bodaboda humfikisha hata mlangoni, na kiti cha ofisi kimemlea miaka 20. Mwili hauweki akiba ya mbio kama benki iwekavyo fedha. Wala kuzaliwa katika nchi ya milima hakumpi mtu ruhusa ya kupita njia ya mkato. Mji wa Meru umekaa yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mkazi wake ameizoea hewa hiyo kwa kutembea; kwa kukimbia hajaizoea. Akipanda mpaka Timau, ambako ni zaidi ya mita 2,000, atagundua ya kuwa pumzi imepungua tena.

Jambo la kufahamu kwanza ni kwamba viungo vya mwili havijifunzi kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Katika majuma machache mtu huhisi tofauti. Kano na mifupa hujijenga polepole, na kazi yake huhesabiwa kwa miezi. Hapo ndipo mtego ulipo. Katika juma la nne pumzi humwambia mtu, twende mbele, nao muundi haumwambii neno mpaka umekwisha kuumia. Basi mpango mzuri wa mazoezi haukutungwa ili kumsukuma mkimbiaji mgeni. Umetungwa kumzuia.

Mpango unaofuatwa na watu wengi sana duniani kwa ajili ya hao wasiojua kukimbia ulitungwa mwaka 1996 na Mmarekani mmoja, Josh Clark, ambaye alitaka kumwanzisha mama yake. Walakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1962, katika mji wa Auckland nchini New Zealand, mwalimu wa wakimbiaji Arthur Lydiard aliwakusanya watu wazima, wengine wao wakiwa wamepata kuugua moyo, wakawa wakikimbia taratibu huku wakizungumza. Mwishoni mwa mwaka huo alifika huko Bill Bowerman, mwalimu mashuhuri wa wanariadha kutoka Oregon, Marekani. Akatoka nao siku moja, akitumaini kwamba matembezi ya wazee hayatamshinda. Mzee aliyepita umri wa miaka 70 alimwacha nyuma, kisha kwa adabu akarudi kumngojea. Bowerman alirejea kwao na habari hiyo, akaanza kuwafundisha majirani zake.

Mpango wa Clark huchukua majuma 9, siku 3 kwa juma, na baina ya siku na siku kuna mapumziko. Kila siku huanza kwa kutembea haraka dakika 5. Katika juma la kwanza mtu hukimbia dakika 1, hutembea dakika 1 na nusu, kisha hukimbia tena, mpaka dakika 20 zitimie. Halafu hurudi nyumbani. Juma la pili mbio huwa dakika 1 na nusu na kutembea dakika 2. Juma la tatu huingia mbio za dakika 3, na juma la nne za dakika 5. Karani aonapo karatasi hii hucheka. Dakika moja! Watoto watamwonaje? Lakini mwenye kucheka na ajaribu kuzifanya dakika hizo mara 8 kwa siku, siku 3, asiongeze hata moja, ndipo ajue ya kuwa kazi ngumu ya juma la kwanza ni kutii.

Juma la tano ndilo lenye vitisho. Siku yake ya kwanza ni mbio 3 za dakika 5. Ya pili ni mbio 2 za dakika 8. Na ya tatu, bila kuomba radhi, karatasi yasema dakika 20 mfululizo. Wengi huiogopa siku hiyo kama mtihani. Afadhali wajue ya kuwa hawaendi kushindana na mtu, na ya kuwa ashindwaye haambiwi aondoke: hulirudia juma lile lile, mara moja au mara tatu. Majuma 9 si amri. Yupo atakayetumia 14, na miguu yake itamshukuru. Toka hapo mbio huongezeka kidogo kidogo, mpaka katika juma la 9 mtu hukimbia nusu saa bila kusimama.

Mwendo gani? Kipimo hakihitaji saa ya bei kubwa. Mkimbiaji awe na uwezo wa kusema maneno kamili kwa mwenzake. Akiweza kuimba, anakwenda polepole mno. Akiweza kusema neno moja moja tu, amezidisha. Katika mbio za kwanza karibu kila mtu huzidisha.

Mpango huo haukutungwa kwa nchi yenye makorongo, kwa hiyo atakayeufuata Meru au Embu na aurekebishe. Kwanza, ahesabu dakika, asihesabu kilometa, maana kilometa moja ya kupanda na moja ya uwanjani hazifanani hata kwa jina. Pili, achague njia. Mito ishukayo kutoka Mlima Kenya imeikata nchi hii vipande virefu. Anayefuata mgongo wa kilima hupata njia ya upole, na anayevuka kutoka mgongo huu hata ule hushuka na kupanda bila kikomo. Uwanja wa shule, kwa idhini ya mwalimu mkuu, ni bora kuliko vyote. Mahali pa kupanda atembee, bila kuona haya. Na pa kushuka ajihadhari zaidi, kwa sababu huko mapaja hufanya kazi ya breki na magoti hupokea uzito wote; uchungu wa kushuka hufika kesho yake.

Barabara kuu ya lami kutoka Meru kwenda Embu si mahali pa kujifunzia. Atakayelazimika kupita ukingo wake kwa kitambo na akimbie upande wa kulia, ayaone magari yamjiayo, wala asizibe masikio kwa muziki. Daraja la Nithi na miteremko yake limekwisha kuua watu wengi waliokuwa wameketi ndani ya mabasi; aliye kwa miguu asiende kulijaribu. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na siku moja ya kupumzika ni nafuu kuliko kifundo kilichoteguka.

Liko neno jingine ambalo katika sehemu hizi halina budi kusemwa. Miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere hupandisha mapigo ya moyo na presha ya damu. Aliyekesha akitafuna, kisha akatoka kukimbia alfajiri kwa kuwa anajiona ana nguvu, anauongezea mzigo moyo ambao tayari unabeba mzigo. Nguvu ile si yake. Kadhalika mwenye homa asikimbie, na aliyepata kuumwa kifua, au mwenye presha kama karani wetu, na amwone daktari kabla ya kuanza, wala asiache dawa zake kwa sababu tu ameanza mazoezi.

Kwa upande wa wanawake, mashaka ni mengine. Mwalimu wa kike huenda haogopi kilima hata kidogo, bali giza, na maneno ya watu juu ya suruali. Wawili au watatu wakitoka pamoja, giza hupungua na maneno hupungua. Tena mwendo wa mazungumzo huwa rahisi kuushika, kwa kuwa yapo ya kuzungumza.

Wale wanaodhani ya kuwa kuupima mwendo ni jambo la wanyonge na wakumbuke mwezi wa Julai, mwaka 1954, katika uwanja wa White City, London. Lazaro Chepkwony, mmoja wa Wakenya wa kwanza kushindana huko, alikimbia maili 6 bila viatu. Mara aliongeza mwendo ghafla, mara aliupunguza, hata watazamaji wakasimama; kisha akaumia mguu, akatoka kabla ya mwisho. Mwenzake Nyandika Maiyoro wa Kisii alikimbia maili 3. Alitangulia mbali sana mwanzoni, halafu akafikiwa na kupitwa na Fred Green na Chris Chataway, ambao walivunja rekodi ya dunia siku hiyo, naye akawa wa tatu. Hao walikuwa mashujaa, si makarani. Maiyoro aliendelea kujifunza, akawa wa 7 katika meta 5,000 huko Melbourne mwaka 1956, na wa 6 huko Roma mwaka 1960.

Wako pia wanaoanza kwa ajili ya mbio za Lewa. Hizo zimekimbiwa tangu mwaka 2000, mwezi wa Juni, ndani ya hifadhi ya wanyama iliyo chini ya Timau, penye vifaru na ndovu, huku askari wa wanyama na helikopta wakilinda njia. Fedha zake husaidia hifadhi, shule na zahanati. Mbio zake ndefu ni za kilometa 21 na 42, katika vumbi na jua, kwenye mwinuko wa yapata mita 1,700. Nusu saa ya juma la 9 ni kama kilometa 4 au 5 tu. Aliyeanza Machi hatakuwa tayari kwa 21 mwezi wa Juni, hata akiapa. Na ajiandikishe kwa mwaka ujao, aongeze dakika chache kila juma, na katika kila majuma 4 apunguze moja.

Turudi kwa karani. Amevitoa viatu chini ya kitanda mwezi wa Septemba, mke wake amebandika karatasi ya mpango kando ya kalenda, na juma la tano amelirudia mara mbili. Mwishoni mwa Novemba anapita nguzo ile ya ua akitembea, kwa kuwa ni kilima, na akifika juu anaanza tena kukimbia. Mbwa amemzoea. Zahanati imempima: presha imeshuka kidogo, na dawa hazikuondolewa. Mzee wa kibanda cha chai, aliyekuwa akimwuliza kila asubuhi, “Mwanangu, unakimbizwa na nini?” leo amesimama kando ya njia na viatu vya raba miguuni.

“Nataka twende pamoja,” asema.

“Umekwisha kupimwa zahanati, mzee?”

“Jana.”

“Haya. Basi leo tunatembea dakika 5, halafu tunakimbia dakika moja.”

“Moja tu?”

“Moja tu, mzee.”