MTEJA HAPATIKANI, LAKINI MTEJA YUKO NYUMBANI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nina hoja moja iliyonikaa rohoni, nami naomba nafasi katika jarida la chama chetu niitoe hadharani.

Kila wakati wa mapumziko ya saa nne, pale karibu na mfereji, hakukosi ubishi kuhusu simu. Mmoja atasema Safaricom ndiyo baba lao. Mwingine ataruka na kusema ya mwananchi wa kawaida ni Airtel, maanake bando zake ni nafuu. Wa tatu, ambaye aghalabu huwa peke yake na huchekwa, atatetea Telkom mpaka kengele ilie. Ubishi wenyewe ni kama ule wa Gor Mahia na AFC Leopards: hakuna anayesikiza, kila mtu anashangilia rangi yake. Wahenga walisema akipenda chongo huita kengeza.

Msimamo wangu ni kwamba swali "mtandao upi ni bora?" ni swali nusu. Hakuna mtandao ulio bora Nairobi nzima. Kuna mtandao unaoshika mlangoni pako, kwa saa unayouhitaji na kwa kazi unayotaka ufanye. Sisi wengi wetu hapa shuleni tunatoka Kibera na Kawangware, na tunajua kwamba hatua mia moja zaweza kubadilisha kila kitu. Kama hivyo ndivyo, basi wanaotuuzia huduma hii na serikali inayowasimamia wanafaa kutuonyesha vipimo vya mtaa kwa mtaa, si bango la jiji zima.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Wazazi wetu wanasimulia jinsi walivyopanga foleni kwenye vibanda vya simu vya Posta, sarafu mkononi. Mwaka wa 2000 kampuni mbili zilianza kushindana kwa simu za rununu: Safaricom na Kencell. Kencell ilibadilisha jina kama mtu anayekimbia deni: ikawa Celtel 2004, Zain 2008, na Airtel 2010. Mwaka wa 2008 Telkom nayo iliingia ikivaa jina la Orange, na kampuni ya yu ikafuata mwishoni mwa mwaka huo huo. Hiyo yu ilifunga virago 2014. Wateja wake wakaenda Airtel, mitambo yake ikaenda Safaricom. Mwaka wa 2019 Airtel na Telkom zilitangaza kwamba zitaungana, lakini 2020 zikaacha mpango huo. Kwa hivyo kampuni kubwa zimebaki tatu, na moja kati ya hizo imeshika sehemu kubwa ya soko kuliko hizo nyingine zikijumlishwa.

Sasa tuje nyumbani. Kibera imekaa mteremkoni. Ukisimama Olympic au kando ya Kibera Drive, uko juu na simu inapumua vizuri. Ukianza kuteremka, ukavuka reli kuelekea Gatwekera, au ukashuka Lindi na Silanga kuelekea mtoni, mambo yanabadilika. Nyumba zimebanana, kuta ni za udongo au mabati, na paa zote ni mabati. Watu wengi wana mahali pao pa mtandao: msumari kando ya dirisha, au kikombe juu ya kabati ambamo simu husimamishwa wima kama picha ya mgeni mheshimiwa. Ukiiondoa pale, umepotea.

Kawangware ni hadithi nyingine. Huko si bonde linalosumbua, ni ujenzi na wingi wa watu. Shangazi yangu anaishi karibu na 46, chini kabisa kwenye gorofa ya mawe. Alipohamia hapo, mbele yake palikuwa na nyumba za mabati za chini na simu ilishika mpaka jikoni. Siku hizi pande tatu zimejaa magorofa. Mnara haukusogea, ni mtaa uliokua. Ndiyo sababu nasema sifa ya mtandao haidumu katika mitaa inayokua kama yetu. Uliokuwa bora wakati ule huenda leo hauwezi kuvuka ukuta wa jirani.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu, hili si uchawi, ni somo la Fizikia. Tumefundishwa kwamba mawimbi huakisika, hupinda na huingiliana. Mawimbi ya simu husafiri kama mita milioni 300 kwa sekunde. Yale ya megahezi 900 yana urefu wa kama sentimita 33, na yale ya megahezi 1800 ni kama sentimita 17. Kwa kawaida yenye masafa ya chini hufika mbali zaidi na hupenya kuta za udongo na mawe vizuri zaidi. Lakini bati ni chuma, na chuma huyaakisi yote. Yanayoingia ndani yanapitia mlangoni, dirishani na kwenye nyufa. Kwa hivyo kampuni mbili zinaweza kuwa na minara iliyo umbali sawa na nyumba yenu, na bado moja ikashika na nyingine ikapotea, kwa sababu ya masafa inayotumia au upande ambao dirisha lenu linatazama.

Tena kuna jambo la wingi. Ile mistari inayoonekana kwenye kioo cha simu inakwambia mnara unasikika vipi. Haikwambii mnara unahudumia watu wangapi. Mnara ni kama mfereji wa mtaa. Maji yanaweza kuwa mengi, lakini mitungi mia moja ikipangwa, utangoja. Saa moja jioni kila mtu amerudi nyumbani, simu mkononi, na hapo ndipo unaona mistari minne na hakuna kinachofunguka.

Likizo ya Aprili nilifanya jaribio dogo. Niliazima laini tatu za kampuni tofauti, nikazitumia moja baada ya nyingine kwenye simu ile ile, kwetu Kibera na kwa shangazi Kawangware, nje na ndani, asubuhi na jioni. Majina ya kampuni sitayataja, maanake simu moja na nyumba mbili haziwezi kuhukumu kampuni nzima. Lakini nilijifunza mambo matatu. Laini iliyoshinda nje ya nyumba yetu siyo iliyoshinda ndani. Iliyoshinda Kibera siyo iliyoshinda Kawangware. Na jioni zote zilishuka, ila hazikushuka sawa. Sasa huyo anayepiga kelele kwenye mfereji kwamba yake ndiyo bora, aniambie: bora wapi, na saa ngapi?

Kuna watakaosema, "Ati huyu mtoto analilia mtandao kwa sababu anataka kutazama video." La hasha! Jirani yetu mmoja hufua nguo kwa watu Lavington na Kileleshwa. Hana mkataba wala ofisi. Ofisi yake ni simu. Anayemtaka humpigia alfajiri, na akiambiwa mteja hapatikani, hupigia mwingine. Mwaka huu amekosa kibarua hivyo zaidi ya mara moja, na mteja mwenyewe yuko nyumbani, ameketi, anangoja simu. Siku hiyo watoto hunywa chai ya rangi. Huo si mchezo wa video.

Nasi wanafunzi wa kutwa tusijisahau. Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, tulikuwa bado shule ya msingi, na wengi wetu hatukurudi darasani hadi Januari 2021. Masomo yalikuwa redioni, kwenye televisheni na kwenye simu. Aliyekuwa na simu na mtandao alisoma. Aliyekuwa bondeni alisikia tu kwamba wenzake wanasoma. Mpaka leo zoezi likiwa na swali la kutafiti, mwenzetu wa nyumba ya chini hulazimika kupanda barabarani usiku kutafuta mtandao. Walimu wetu, mnajua barabara zetu usiku. Kwa msichana, hilo si jambo la kuchezea.

Mtu atauliza, "Kama laini yako haishiki, si uhame?" Kweli, sheria inaruhusu. Tangu 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni na kubaki na nambari yake ile ile. Lakini yule jirani yetu akihama, M-Pesa je? Tangu 2007 pesa zimekuwa zikikaa kwenye laini. Chama chake cha akina mama kinachanga huko, karo inalipwa huko, wanaomlipa wanatuma huko. Ni kweli kwamba tangu 2018 unaweza kutuma pesa kutoka M-Pesa hadi Airtel Money na kurudi. Hata hivyo, mazoea yana taabu. Kwa hivyo wengi hununua simu ya laini mbili: moja ya pesa, nyingine ya bando. Maskini analipia kampuni mbili ili apate huduma moja iliyokamilika.

Nisiwe mwonevu. Kampuni nazo zina shida zao. Kusimamisha mnara kunahitaji ardhi yenye hati, umeme wa kutegemewa, na njia ya kupitisha mafundi na vifaa, na vitu hivyo vitatu Kibera ni haba. Naelewa. Lakini bei ya bando haijui shida hizo. Mtu wa Lavington na mtu wa Gatina wametenganishwa na barabara tu, na wote wawili wanalipa shilingi ile ile. Ikiwa bei haina ubaguzi, kwa nini taarifa iwe na ubaguzi?

Hapo ndipo kiini cha maneno yangu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, na pia habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo inayosimamia kampuni hizi. Njia moja iliyozoeleka ya kupima mtandao ni kuweka simu za kupimia ndani ya gari na kuliendesha barabarani. Sasa mimi nauliza: gari gani litaingia kichochoro cha Gatwekera ambapo watu wawili hupishana kwa ubavu? Ukipima Kibera Drive, umepima Kibera Drive. Hujapima Kibera. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala msidhani kazi hii inatushinda. Mwaka wa 2009 Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani, kama msitu usio na watu. Vijana wa Kibera wenyewe, katika mradi wa Map Kibera, walichukua vifaa vya GPS, wakatembea kichochoro baada ya kichochoro na kuchora mifereji, vyoo, shule na zahanati. Leo ramani hiyo inaonekana na dunia nzima. Tena papo hapo Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa kijamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi, bila kungoja kampuni kubwa. Usione vyaelea, vimeundwa, na baadhi ya waundaji ni majirani zetu.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kishirikiane na Chama cha Jiografia tuchore ramani yetu. Kila mwanafunzi apime nyumbani kwao kwa simu ya mzazi: ndani na nje, asubuhi na saa moja jioni, kupiga simu, kutuma arafa na kufungua ukurasa mmoja. Aandike mtaa, asiandike jina la mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, matokeo yabandikwe ubaoni ili mzazi anayetaka kununua laini aangalie mtaa wake kabla ya kutoa pesa. Tatu, tuyapeleke kwa kampuni zote tatu na kwa Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na barua ya Kiswahili sanifu, tukiomba vipimo vyao vifanywe kwa miguu, ndani ya nyumba, na vitangazwe kwa jina la mtaa.

Najua kuna walimu watakaosema kwamba simu haziruhusiwi shuleni. Ni kweli, na sheria hiyo naiunga mkono. Kazi hii itafanywa nyumbani, baada ya masomo, na itatufunza Fizikia, Jiografia na uandishi wa barua rasmi kwa mpigo mmoja.

Tuache basi kushangilia rangi za kampuni ambazo hata hazitujui kwa majina. Tukiuliza vizuri, watalazimika kujibu vizuri. Kalamu naiweka chini hapa. Mwenye maoni tofauti asinijibu kwenye mfereji. Na ajibu katika toleo lijalo.